Daftari la Maneno Lililomtisha Mama Mkwe

Mpendwa Bibi Bernadina,

Shikamoo. Naomba msaada wako hapa gazetini, na naomba usinicheke kabla mjukuu wako Antonia hajakusomea barua hii mpaka mwisho, maana jambo lenyewe ukilisikia juujuu ni la kuchekesha lakini mimi wiki hii ya pili chakula hakishuki.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwenyeji wa Njombe, nimeolewa hapa Babati huu ni mwaka wa nne, tunaishi Bagara na mume wangu Sylvesta na mtoto wetu Vailet. Mume wangu ni wa Dareda, na mama yake anaishi hukohuko kwenye mji wa familia na wifi yangu Coletha, wana shamba la mahindi na maharage na ng'ombe saba. Mama mkwe wangu Kiswahili anakijua cha salamu na cha sokoni tu, mengine yote ni Kiiraqw, na mimi nilipoolewa nilijiapiza moyoni kwamba sitakuwa mkwe wa kukaa kama gunia pembeni watu wakiongea, nitajifunza lugha yao niongee na mama mwenyewe kwa mdomo wangu.

Nilianza na programu za kujifunza lugha kwenye simu, nikakuta Kijerumani na Kichina na lugha ambazo hata wenyewe siwajui wanaishi wapi, lakini Kiiraqw sikukiona. Mwalimu mwenzangu akanipa fotokopi ya kijitabu cha maneno, kurasa zenyewe nyingine zimefifia, basi nikanunua kaunta buku, nikapiga mistari kwa rula kama tunavyofanya shuleni, safu ya namba, safu ya Kiiraqw, safu ya Kiswahili, na safu ya mwisho ya alama, yaani neno nikishalikariri naliwekea vema kwa kalamu nyekundu. Kila Jumapili tukienda Dareda baada ya ibada nilikuwa nazunguka mji wa mama na daftari langu, nanyoosha kidole kwenye kitu, Coletha ananitajia, mimi naandika. Ng'ombe, ndama, mbuzi, zizi, jembe, shamba, ghala, mtungi, godoro, yote hayo ni ukurasa wa kwanza, na mpaka sasa nina maneno mia tatu na kumi na mawili na yenye vema ni zaidi ya mia mbili. Nilijiona ninaendelea vizuri sana Bibi, na mazungumzo yenyewe nilimwachia mume wangu atafsiri, nikisema hayo yatakuja baadaye maneno yakishajaa.

Mwezi wa tatu mama aliniita akaniambia jambo refu, mume wangu alikuwa ametoka, na katikati ya yale maneno nikasikia "ndama" waziwazi kabisa, neno langu la namba mbili hilo, nikafurahi sana, nikacheka, nikarudia neno lile kwa sauti, nikafungua daftari mbele yake nikaliwekea vema. Mama akageuka akaingia ndani. Mume wangu aliporudi nikamuuliza mama alikuwa anasema nini, akaniambia tu kuna ndama ameanguka korongoni, basi. Hakusema amekufa. Nilikuja kujua juzijuzi.

Tangu siku ile nikifika Jumapili nakuta zizi tupu, naambiwa ng'ombe wako malishoni. Ghala lina kufuli jipya. Sikuunganisha, Bibi, nilidhani ndivyo maisha yanavyokwenda.

Sasa mama ana mtoto wa jicho, la kulia limeshafunga kabisa na la kushoto linafuata. Madaktari wa macho wanakuja hospitali hapa mjini na jina lake limo kwenye orodha ya kufanyiwa upasuaji Jumanne, siku tisa kuanzia leo ninapoandika, na baada ya hapo atatakiwa akae kwetu Bagara wiki kadhaa akiangaliwa. Akikosa safari hii madaktari hawajui watarudi lini. Jumapili iliyopita tukiwa tunapukuchua mahindi mama akasema na mume wangu kwa muda mrefu, kisha mume akanigeukia akaniambia, "Mama anasema mavuno yamechelewa, atakuja kufanyiwa macho wakati mwingine." Lakini Bibi, mimi sikusikia mavuno. Nilisikia ng'ombe, nikasikia zizi, nikasikia ghala, nikasikia godoro, maneno ya kwenye daftari langu yote, na kila linapotajwa mama ananielekezea kidevu.

Nikamfuata Coletha jikoni. Akakataa kusema. Nikambana.

"Wifi, mama anasema wewe unaorodhesha," akaniambia. "Anasema mwanamke gani anaingia mji wa watu anahesabu mpaka godoro. Ndama amekufa, wewe umecheka ukamfuta kwa wino mwekundu. Anasema akienda huko mjini, macho yakafungwa bandeji, akirudi atakuta zizi ni miti mitupu."

"Na kaka yako hakumwambia ni daftari la kujifunza?"

"Alimwambia unaandika mambo yako ya shule. Sasa zizi ni la shule?"

Nilipomuuliza mume wangu njiani tukirudi hakukataa. Alisema, "Mama Vailet, mimi nimesimama katikati. Kila neno nikilipitisha kama lilivyo nitabaki na mama au nitabaki na mke?" Anasema nimwachie, atambembeleza mama polepole. Lakini polepole ipi na siku zimebaki tisa? Mimi nimefikiria nilichome daftari nikaache kabisa huu ujinga wa kujifunza, nirudi kuwa gunia la pembeni nitafsiriwe tu mpaka nife, ili mradi mama apate macho yake. Mama hajui kama mimi nimejua. Nifanyeje Bibi?

Mimi Mama Vailet, Bagara

---

Mama Vailet,

Marahaba. Antonia amenisomea barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale kwenye ndama, nakwambia ukweli wangu, nikacheka mpaka akaniletea maji. Mara ya pili sikucheka. Kuna mwanamke hapo anapoteza jicho kwa sababu watu watatu wanaompenda wameshindwa kumwambia sentensi moja iliyonyooka.

Daftari usilichome. Kwanza nani amekwambia moto unafuta hofu ya mtu? Ukilichoma atasema umeshapeleka nakala.

Hebu lifungue sasa hivi ukurasa wa kwanza, usome kwa sauti upande wa Kiswahili peke yake. Ng'ombe. Ndama. Mbuzi. Zizi. Jembe. Shamba. Ghala. Godoro. Na namba pembeni, na vema. Mwanangu, hata mimi ningemwita mwenyekiti wa kitongoji! Mama mkwe wako hana wazimu. Mtu akija kwetu na kalamu anakuja kupima mpaka, au kuhesabu mifugo, au kugawa urithi wa marehemu. Sijawahi kuona aliyekuja na rula kwa ajili ya mapenzi. Na wewe ulitaka ajue hivyo kwa kukuangalia tu, tena kwa jicho moja lililofifia.

Mimi sikusoma hata darasa moja. Karatasi ambayo siwezi kuisoma ni kama mbwa wa mji wa jirani, huenda ni mpole, huenda anauma, na mwenye mbwa anakaa tu anacheka "pita, pita." Nimewahi kuweka dole gumba kwenye karatasi nisizozijua. Wewe umezaliwa unakuta kalamu ni kitu cha kawaida, hujui ilivyo kukaa upande huu.

Lakini kosa lako kubwa siyo daftari. Ni kwamba umeandika maneno mia tatu na kumi na mawili na yote hayo ni vitu. Yako wapi maneno ya kumwambia mtu? Miaka minne, jicho la kulia limefunga, na wewe hujui kumuuliza mama yako kama linauma. Unajua mtungi! Mtungi haujibu, ndiyo maana ukaupenda. Vitu havikusahihishi na havikucheki. Ulikuwa unajifunza lugha bila kuongea na mwenye lugha, na yeye kasimama hapohapo mlangoni.

Sikukemei kwa sababu mimi ni bora. Mimi niliteremka kutoka Mbulu nikiwa mwari, nikaolewa Bonga, Kiswahili sina hata cha kuombea chumvi. Mume wangu Teodori, Mungu amrehemu, ndiye alikuwa mdomo wangu. Nikaumwa tumbo siku tatu, mimba ya kwanza, nikapelekwa zahanati, nikamweleza Teodori kila kitu, damu, homa, yote. Akamgeukia muuguzi akasema maneno mawili. Muuguzi akanipa vidonge vinne nikarudi nyumbani. Baadaye sana ndiyo nilijua alisema, "Anajisikia vibaya kidogo." Aliona haya kutaja mambo ya wanawake mbele ya watu! Nusura nizikwe kwa tafsiri ya mume, na mume mwenyewe mwema, hajawahi kunipiga hata kofi.

Nilipopona nikamwambia, kuanzia leo mdomo wako ni wako. Nikaenda dukani kwa Salimu, Mrangi mmoja alikuwa na duka pale njia ya Dodoma. Nikanyoosha kidole kwenye chumvi. Akaniambia, "Mama, hapa hatuuzi kidole. Sema." Nikamtukana kwa Kiiraqw. Akasema, "Hilo sijui, lakini chumvi inaitwa chumvi." Nikasema vibaya. Akacheka, na wateja wakacheka, na mimi nikaondoka bila chumvi, tukala ugali na mlenda chapwa. Kesho nikarudi. Ilipofika maharage kuvunwa nilikuwa nabishana naye bei mpaka anashika kichwa. Yule mzee hakunifundisha neno hata moja la kitabuni, alinikatalia kidole tu.

Kwa hiyo nakukatalia kidole.

Mumeo sasa. Sylvesta, najua utasomewa hii, au utaisoma mwenyewe ukijifanya unatafuta habari za mpira. Wewe siyo mtu mbaya. Wewe ni mwoga mwenye moyo mzuri, nao ndio wanaoharibu zaidi, maana mbaya watu wanamkwepa. Umechukua maneno ya mama ukayatia sukari, umechukua ya mke ukayatia maji, sasa mama haoni na mke hali. Unauliza utabaki na nani? Utabaki na mama kipofu na mke bubu, wote wawili wanakuuliza wewe njia. Mtafsiri anapitisha mzigo kama alivyopewa. Ukiona ni mzito sema ni mzito, usifungue gunia ukapunguza.

Tufanye kazi, siku zinakwenda.

Kesho usiende Dareda. Mpigie Coletha simu, mwambie aje kwako Bagara hata kwa siku mbili, akusaidie kitu chochote, kuchambua maharage kunatosha. Mnapochambua, akufundishe kwa mdomo sentensi nne tu. "Mama, nisamehe kwa ndama." "Mama, hili ni daftari la kujifunza maneno yako." "Mama, macho yako yanauma?" Na ya nne, ambayo ni muhimu kuliko mia tatu na kumi na mawili yako yote, "Sijaelewa, mama, rudia." Hiyo ndiyo ungesema siku ya ndama, badala ya kucheka na kuandika. Mwalimu mzima unaona haya kusema hujaelewa, na watoto darasani unawaambia wanyooshe mkono! Kalamu iwe mbali. Usiandike mpaka maharage ya debe zima yaishe na sentensi zimekaa mdomoni. Mimi sitakuandikia hapa zinavyosemwa. Ningeweza, lakini utazikariri kutoka gazetini na tutarudi palepale.

Halafu nenda Dareda siku ya kazi, siyo Jumapili, na mumeo aende lakini akae nje na ng'ombe. Ndiyo, na ng'ombe haohao, kama atawakuta. Wewe ingia jikoni kwa mama, kaa chini, siyo kwenye kiti cha mgeni. Anza na ndama. Usianze na macho. Mtu uliyecheka msiba wake hakufuati hospitali. Mwombe radhi, na akikujibu kwa ukali usitabasamu, meno yako yameshakuletea shida. Sema, "Sijaelewa, rudia," hata mara tano, mpaka achoke na hasira.

Kisha toa daftari umsomee. Lote, kuanzia namba moja. Usome upande wake, Kiiraqw, kwa ulimi wako huohuo wa Njombe. Najua utavunja maneno. Ndivyo ninavyotaka. Mtu anayeiba mali hasomi orodha mbele ya mwenye mali akikosea kila jina. Ukifika neno la nane au la kumi, yeye mwenyewe atakusahihisha, hawezi kuvumilia, nawajua mama zetu. Na akishakusahihisha neno moja ameshakuwa mwalimu wako, na hakuna mwalimu anayemwogopa mwanafunzi wake. Wewe si unajua hilo?

Akicheka, Mama Vailet, usilie. Cheka naye.

Ndipo useme habari ya Jumanne. Na usimwambie "usiwe na wasiwasi," maneno hayo hayajawahi kumtoa mtu wasiwasi tangu dunia iumbwe. Hofu yake ina jina, inaitwa zizi. Muulize anataka nani alale pale akiwa mjini. Amtaje yeye, kwa mdomo wake, hata kama ni mtu usiyempenda, hata kama ni shemeji mnayesemana naye. Na funguo ya ghala aende nayo shingoni mpaka kwenye kitanda cha hospitali. Daktari akisema aivue, amkabidhi Coletha, siyo wewe na siyo Sylvesta. Usiguse funguo hiyo hata ikidondoka.

Kama baada ya yote hayo amekataa, rudi kesho yake. Na kesho yake. Siku ziko za kutosha kurudi mara tatu.

Mambo ya kijitabu na kamusi, sikukatazi. Antonia wangu anajifunza Kiingereza na kamusi kubwa kama tofali, simfukuzi nayo. Lakini kamusi ni ya ukiwa nyumbani, umetoka kwa watu, una neno ulilolisikia kwao linakuwasha, ndipo unafungua kuangalia. Siyo uchukue neno kitabuni ukatafute wa kumtwanga nalo. Na mbele ya mtu anayekueleza jambo, funga. Mtu anaongea na uso wako. Kurasa zilizofifia kwenye ile fotokopi usihangaike kuzisoma, muulize mama, atakuwa na la kufanya wiki hizo kadhaa akiwa amekaa kwako bila jembe.

Ukimaliza kumsomea, daftari liache hukohuko Dareda. Mpe mkononi. Mwambie maneno ni yake, alikuwa anakuazima tu. Aliweke chini ya godoro, aliwashie moto, shauri yake. Kama uliyakariri kweli hutapata hasara, na uliyoyakariri vibaya utarudi kuyaomba kwake moja moja.

Na Jumanne ukimtoa kwa daktari, atakuwa amefungwa bandeji. Hatakuona wewe, hataona nyumba yako, hataona kama kuna kalamu. Mumeo asiwe karibu. Mshike mkono wewe. Mwambie hapa kuna jiwe, hapa kuna ngazi, taratibu mama, tumefika. Atakujua kwa sauti yako tu, basi hakikisha anaielewa.

Bibi Bernadina